Majani ya Kukuosha

Mama Nasra,

Salaam nakutumia, hata kama haifiki. Naandika Kiswahili, hiyo yetu ya nyumbani. Kisomali yangu ya mtu wa Masalani ulikuwa unaicheka.

Hukuoshwa na majani ya mkunazi. Nataka usikie kwangu. Dada yako Halima alikuosha na sabuni na kafuri. Sheikh alisema inatosha, si dhambi. Lakini wewe umeosha maiti wa mtaa wetu miaka mingapi, na kila mara ulichuma kwa ule mti wa ploti ya serikali. Hakuna mtu alikuuliza.

Halafu ikaja kazi ya kuzungusha seng'enge kwa hiyo ploti. Mashimo nilichimba mimi. Ulisema, "Baba Nasra, mti umefungia ndani, mimi umeniacha nje." Ukacheka. Mimi nikasema ni kibarua tu, tutakula nini.

Asubuhi ile umekufa nilienda na mfuko. Soja wa mlangoni akasema kuchuma hapo ni mpaka barua ya ofisi. Jumamosi. Ofisi imefungwa. Nikamwambia hii ua nimechimba mimi. Akasema, "Basi mzee, unajua hakuna mlango ingine." Tawi moja ilikuwa karibu na waya. Nikapitisha mkono. Haikufika. Hiyo nafasi ya waya na mti nilipima mwenyewe, kontrakta alinisifu.

Watu walikuwa wanangoja tukuzike adhuhuri. Nikarudi na mfuko tupu. Halima aliangalia mfuko, akachukua sabuni.

Sasa wameweka kibao. Ruhusa ni siku ya kazi, saa za ofisi. Mtu akifa Jumamosi afanye nini? Jirani yetu walimshika na majani kwa leso, akalala ndani, kwa polisi. Na mama yako hatoki kitandani tena. Kila siku anauliza kama majani yapo tayari. Anajiulizia yeye.

Juzi wameniita tena, nguzo zimelegea. Nilienda. Nasra lazima ale. Lakini ile ya nne kutoka kona, upande wa mti, shimo sikuchimba chini. Nimejaza mchanga juu juu. Ukisukuma inalala.

Nimemwonyesha Halima. Wakishika mtu, watanishika mimi. Mama yako ataoshwa na majani, hata kama ni Jumamosi. Hiyo nakuahidi.

Kwako wewe nilichelewa. Nisamehe. Allah akurehemu, Mama Nasra. Pumzika.

Baba Nasra