Mjusi wa Kwenye Friji

Kwa kaka yangu mpenzi Abdulghafur,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kifua chako kimepoa. Sisi hapa mjini Falls Church, Marekani, hatujambo, na mtoto ananyonya vizuri, alhamdulillahi. Mimi tu ndiye situlii. Nikikaa nasimama, nikisimama nachungulia dirishani.

Wajua shemeji yako Jabir kaajiriwa kutafuta viumbe vya majini. Nyuma ya fleti zetu kuna kijito ambacho matajiri wanataka kukifukia wajenge maduka. Humo chini ya mawe huishi salamanda wa aina adimu, umbo la mjusi, ngozi laini yenye majimaji kama ya chura. Wakubwa wake walimwambia akileta mmoja hai, kijito kitaachwa na yeye ataendelea na kazi. Asipompata, mwisho wa mwezi basi, na kibali chetu cha kukaa huku kinategemea kazi hiyo hiyo.

Ijumaa moja akampata. Ofisi ilikwishafungwa, na mnyama huyu hataki joto, basi akamtia kwenye kopo la siagi na kuliweka kwenye friji. Kumwambia Mama, aliyekuja kunilea arobaini yangu, kulitupita sote wawili.

Asubuhi yake Mama akataka siagi. Nilikuwa chumbani nanyonyesha, nikasikia ndara ikilia sakafuni. Nilipotoka alikuwa akihema kwa furaha. "Mjusi kafiri, Salme, mpaka kwenye chakula cha mzazi! Nimemuua kwa pigo moja. Thawabu zake nampa mjukuu wangu."

Jabir alimpeleka hivyo hivyo, wakamwambia mzoga ungeweza kutoka popote. Tangu hapo hasemi nami ila habari za mtoto. Kila alfajiri nateremka kijitoni kupindua mawe, Mama ananigombeza kuwa mzazi hagusi maji baridi. Sijapata kitu.

Kaka, Jabir anaamini niliyeua ni mimi. Nilimwambia hivyo mwenyewe, kwamba nilisahau, nikafungua kopo, nikashtuka nikampiga. Mama na mkwewe hawavuki salamu kwa kuheshimiana, nami sikuweza kumvunjia Mama uso.

Mama atatangulia kurudi, nasi pengine tutamfuata na mabegi yetu. La kwanza atakalokusimulia ni huyo mjusi wa Marekani. Mpongeze. Na akikuuliza kwa nini tumerudi, mwambie tulikumbuka nyumbani.

Nisalimie wote wanaoniulizia.

Nduguyo akupendaye,
Salme