Gari Lililodhani Pongwe Kuna Barafu

Jumanne

Eti nyuzi arobaini chini ya sifuri! Nimeinamia injini adhuhuri hapa Pongwe, jasho linaniingia machoni, na mashine ya kupimia inaniambia gari linaamini linavuta hewa ya barafu.

Mwenye gari alinunua injini ya turbo ya mtumba kutoka Japani, pamoja na kompyuta yake. Mbaruku, mwenzangu wa gereji, akaiunga kwenye waya za zamani za gari. Soketi iliingia bila kulazimishwa, na kwa Mbaruku hiyo ni ndoa tayari. Tangu hapo ni moshi mweusi na petroli kuisha ovyo.

"Kompyuta imekufa, tutafute nyingine," kasema leo. Mwenye gari naye keshachoka, kesho alikuwa alivute mpaka Dar.

Haijafa. Nimefuata waya mmoja mmoja. Ule wa sensa, kifaa cha kupima joto la hewa, haukuungwa popote, maana injini ya zamani haikuwa nao. Kompyuta ikidhani kuna baridi, humwaga petroli zaidi. Nimeuunga, moshi ukakata.

"Wallahi, iliogopa bure," Mbaruku kacheka.

Lakini kwa nini idhani baridi, isidhani joto? Nimeliwaza njia nzima hadi nyumbani Nguvumali. Sensa ikipoa hupitisha umeme kidogo. Waya usioungwa haupitishi kabisa. Kwa kompyuta, kimya ni baridi isiyo na kifani.

Dada Salma, mjamzito kule Kigombe, hajapiga simu tangu asubuhi. Hajasema lolote, na mimi nimeshawaza mabaya yote.

Ngoja nimpigie.