Wimbo Ulioutuma Kutoka Korea

Makambako

Mpwa wangu Esnath,

Mjomba wako nipo, mzima kuliko jana. Baridi imeunguza viazi vya watu wote huku. Vya kwangu iliviona ikaogopa.

Mama yako alikuja kutoka kwenu Mjimwema, Njombe, simu mkononi. "Kaka, si ulijenga barabara na Wakorea? Mwanangu anaimba nini hapa?"

Nikamweleza, majirani wamejaa. Nikasema ni wimbo wa kale wa Wakorea, kila eneo lina beti zake, wanauimba kwenye furaha na kwenye uchungu. Unahusu mpendwa anayevuka mlima akaenda zake. Nikauimba mpaka mbwa wa mtaa mzima wakanyamaza.

Mama yako akakaa chini. "Basi ananiaga. Mimi niliimba hivyo siku naolewa, nikatoka kwa mama yangu moja kwa moja." Tangu hapo hali chakula, na simu yako haipatikani, ndiyo maana naandika.

Esnath, kuna jambo sikumwambia. Katika wimbo ule, anayeimba siye anayeondoka. Anayeimba ni yule aliyeachwa. Nimeusikiliza tena peke yangu, na pale mwisho sauti yako inakatika. Nani amekuacha huko, mwanangu?

Kama unaona aibu kurudi, shukia kwangu kabla ya kufika Njombe. Nitatangaza kwamba mimi ndiye niliyekuita, nina kazi kubwa na Wakorea. Acha waniite mwongo mimi, wewe upite.

Ni mimi mjomba wako,
Sadock