Kata ya Dada Mwanajuma

Timbwani, Jumatatu, 1991

Andika nisemavyo, mjukuu wangu, usinirembee.

Kwenye matanga ya dada yangu Mwanajuma wote walisifu safari zake: karani wa serikali, Wajir kakaa, Kisumu kakaa, Lodwar... na wali wenyewe haukuiva! Wallahi nilikereka. Mbona hawakusema kuwa kila alikohamishwa aliosha maiti wa kike wasio na jamaa, bila ujira?

Leo jirani yetu mpangaji kafa, maskini, hana hata shangazi. Wanawake wakatazamana. Nikatwaa kata ya dada, ile ya kumiminia maji.

"Bibi, utaweza na magoti hayo?" Mishi, dadako, akaninong'oneza.

"Kwani maiti huoshwa kwa magoti?"

Nimemwosha.

Kata nimeiweka karibu na mlango.