Karavani ya Kuta Ngumu

Bellevue, Johannesburg
8 Aprili 2018

Mama mpendwa,

Jambo mama. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na ule mguu umepunguza ukaidi. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Ignace bado ananyoosha mabati ya magari yaliyogongwa kule Malvern, na mimi bado nasuka vichwa vya watu hadi vidole vinagoma. Mjukuu wako Héritière amerefuka, sketi ya shule imekuwa aibu. Kila ninalosema analielewa, lakini ananijibu Kiingereza, na akikasirika ananijibu Kizulu.

Yeye ndiye sababu ya barua hii. Wenzake shuleni wakifunga huenda kambi. Usishtuke, si kambi kama yetu. Huku watu wenye nyumba nzuri huziacha, wakaenda kulala porini kando ya maji, wachome nyama, waumwe na mbu, kisha warudi wakisema wamepumzika. Mwalimu aliwataka watoto wasimulie likizo zao, Héritière akasema alikaa chumbani. Alirudi analia. Tangu siku hiyo baba yake hatulii.

Sasa kuna mzee Mreno kule Rosettenville anauza karavani, yaani kinyumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari. Anazo mbili ndogo ambazo Corolla yetu inaweza kuzivuta. Moja ni nyepesi. Mkifika mnainua paa lake, na kati ya paa na kuta kuna turubai lenye madirisha ya zipu. Ya pili ni ngumu mwili mzima, imefungwa kama friji. Ignace anaitaka ile ya turubai, anasema gari halitahema mlimani. Mimi nimeshindwa kuamua. Wewe unasemaje?

Mwanao,
Hélène


Uvira
29 Aprili 2018

Binti yangu Hélène,

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwenu. Mguu ni ule ule, tumezoeana. Picha ya barua yako ilifika kwenye simu ya Bakiri wa dukani. Niliisoma mwenyewe kwa miwani yangu, na Bakiri nikamsogeza pembeni, maana anapenda kunisomea kwa sauti mbele ya wateja.

Nilicheka, kisha kicheko kikaniishia. Tulilala chini ya turubai la wakimbizi kule Tanzania mpaka wewe ukaota matiti, na hakuna hata siku moja mtu aliyeniambia kwamba nimepumzika. Lakini mtoto akililia kitu wenzake wanacho, mzazi hawezi kuziba masikio. Nendeni.

Ila turubai, Hélène? Umemsahau mdogo wako Exaucé? Mvua ilinyesha wiki nzima, maji yakawa yanatiririka ndani, mtoto akashikwa kifua. Nilimfunika kila nguo tuliyokuwa nayo. Kulipokucha nilikuwa nimefunika maiti. Mjukuu wangu hatalala chini ya kitambaa nami ningali hai, hata kwa siku moja. Nunueni ile ngumu. Mwambie Ignace ni mimi niliyesema.

Mama yako,
Léocadie


Bellevue
27 Mei 2018

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa baridi imeanza na dirisha letu lililovunjika bado limezibwa kwa kadibodi. Mwenye nyumba anasema kesho, na kesho yake haifiki.

Tumeinunua, mama. Ile ngumu. Ignace alinuna kidogo, kisha akasema neno la mama mkwe yeye halivuki. Mzee Mreno alimwuliza kwa nini anakataa nyepesi, akamjibu kwamba mama mkwe wake yuko Uvira na ameshachagua. Mzee alicheka hadi akakohoa.

Ungemwona mkwe wako akiikagua! Alibonyeza kila ukuta kwa dole gumba akitafuta mahali palipooza kwa unyevu. Akalala chini ya gari na suti ya kanisani. Magurudumu yalionekana mapya lakini mpira ulikuwa umepasuka pembeni kwa uzee, akadai yabadilishwe, yakabadilishwa. Ndani kuna meza, ukiishusha inakuwa kitanda. Héritière ameshaishusha na kuipandisha hadi nikamfukuza. Anasema hapo ndipo atakapolala yeye, na sisi tujue pa kwenda.

Tutakwenda Julai shule zikifungwa.

Mwanao,
Hélène


Uvira
17 Juni 2018

Binti yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima. Tangu nisome kwamba mmenunua ile ngumu nalala usingizi mzuri, na majirani wote wanajua kwamba binti yangu ana nyumba yenye magurudumu. Mke wa mchungaji aliuliza kama ina choo. Nilimwambia ina viwili.

Nasikia Julai ya huko inauma hadi kwenye mifupa. Mkilala fungeni kila penye tundu, mtoto asipigwe na upepo kifuani. Mpe busu la Koko, bibi yake.

Mama yako,
Léocadie


Uvira
19 Agosti 2018

Hélène mwanangu,

Nakusalimu, ingawa sijui nikusalimu vipi.

Mchungaji wenu alinipigia simu yeye mwenyewe. Aliniambia Héritière amefariki, kwamba wewe na Ignace mlikuwa hospitali na mngepona, kisha simu ikakatika. Tumekaa matanga hapa nyumbani bila mwili na bila maelezo. Mtoto mmemzika huko nami sina hati ya kunivusha hata mpaka mmoja. Watu wananiuliza amekufaje. Bakiri amesikia kwa jamaa zake kwamba ulikuwa moshi. Moshi gani? Nyumba iliungua?

Simu yako haipatikani. Kama huwezi kusema, andika. Nimefundisha watoto miaka mingi, naweza kusoma hata mwandiko mbaya.

Mama yako


Rosettenville
23 Septemba 2018

Mama,

Barua hii siwezi kuianza kwa jambo, nivumilie.

Haikuungua. Tulikwenda kando ya bwawa, kwenye milima ya Magaliesberg. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko siku yoyote tuliyowahi kuwa nayo huku. Ignace alishindwa kuirudisha karavani nyuma, ikawa inakwenda inakotaka yenyewe, watu wa jirani wakaja kumwelekeza, tukacheka wote. Héritière alikimbia na watoto asiowajua hadi akapoteza kiatu. Aliniita, “Mama, njoo uone!” kwa Kiswahili, bila kulazimishwa. Alikuwa ameona ndege mkubwa tu.

Jioni ya pili ilianza mvua isiyo ya majira yake huku, na baridi ambayo sijawahi kuiona. Mtoto akaanza kukohoa. Mama, nilisikia kile kikohozi nikamwona Exaucé. Nilimwambia Ignace, ingiza mbabula, lile jiko letu la makaa. Ndivyo tunavyofanya chumbani Bellevue kila baridi ikija, na majirani zetu wote Wakongomani wanafanya hivyo. Niliacha makaa yawake nje hadi yakawa mekundu na moshi ukaisha, kama ulivyotufundisha. Ignace akayabeba ndani. Tukafunga mlango na kidirisha cha juu. Chini karibu na sakafu kulikuwa na vitundu vinavyopitisha upepo, nikavijaza taulo. Kikohozi kikatulia. Alisema ana usingizi. Na sisi tulikuwa nao.

Asubuhi jirani mmoja, mzungu mwenye mbwa, aliona hatutoki, akavunja mlango. Mimi na Ignace tulikuwa tunapumua bado.

Daktari alinieleza kwamba makaa yana hewa ya sumu isiyo na harufu, hata yakiwa mekundu na safi. Chumbani Bellevue upepo unaingia kwenye kadibodi, chini ya mlango, kila mahali, na sisi tulikuwa tunaulaani. Polisi aliizunguka karavani, akamwambia Ignace kwamba ingekuwa ile yenye turubai huenda sote tungeamka. Ignace alinitazama. Na mimi nikamtazama. Tangu hapo siwezi kukaa naye chumba kimoja. Niko kwa Mamie, yule ninayesuka naye. Ignace huja na mkate, anauacha getini anaondoka.

Mimi nilisema mbabula iingie. Yeye aliibeba. Na wewe, mama. Mstari huu nimeuandika nikaufuta, nimeuandika tena. Na wewe ndiye uliyechagua. Nisamehe. Sitaki kufikiri hivyo, lakini ndivyo ninavyofikiri kila nikiamka.

Hélène


Uvira
14 Oktoba 2018

Hélène mwanangu,

Jambo. Mimi ni mzima, usiniwazie.

Nilisoma barua yako nikiwa dukani. Bakiri alifunga mlango bila kuambiwa, akaniacha nilie hadi nikachoka. Mstari ule usiufute. Umeuandika vizuri.

Exaucé alipokufa watu walituambia ni mapenzi ya Mungu, ni vita, ni mvua. Tulikubali kwa midomo. Kisha mimi na baba yako tukaanza kutazamana, kama wewe na Ignace mnavyotazamana sasa. Tulitazamana kimya mwaka mzima, na siku moja akaenda Kalemie, hakurudi. Ninyi watoto mlisema kuna mwanamke. Hakukuwa na mwanamke, Hélène. Hakukuwa na mtu wa kubeba lile jambo, likatukalia sisi wawili katikati.

Safari hii mtu yupo. Nilichagua kitu ambacho sijakiona kwa macho yangu, nikawaambia mfunge kila tundu, nanyi mkanitii. Unaniomba msamaha, sikupi, kwa sababu hujakosea. Nichukie mimi. Niko mbali, nimezeeka, nitaweza. Ignace hataweza, na wewe hutaweza.

Akija tena na huo mkate, mfungulie. Kaeni muule pamoja. Kama hamna la kuzungumza, msizungumze, lakini kaeni meza moja. Na watu wakikuuliza, au ukiamka ukaanza kujiuliza mwenyewe, wajibu wote jibu moja: ni mama yangu aliyechagua.

Mama yako,
Léocadie