Maneno Ambayo Mama Neema Alikataa Yaandikwe

Jumamosi, Kisenyi. Mvua imeanza tangu alfajiri na haijapumzika. Mimi pia moyo haujatulia tangu Nasra aliponipigia simu.

Nianze na habari ambayo ilipaswa kuwa njema. Makala yetu ilitumwa jana kwenye jarida. Ni kazi ya miaka miwili, kuhusu wanawake wakimbizi kutoka Kongo wanaojifunza Kiingereza hapa Kampala, na jinsi Kiswahili chao kinavyowasaidia darasani badala ya kuwazuia. Jina langu lilikuwa pale, la pili, baada ya la Nasra. Siku zote niliwaza kwamba siku hii ikifika nitapika pilau na kuwaita wanafunzi wangu.

Sijapika kitu.

Hapa nimebadilisha majina yote, yale ya watu na mengine yanayoweza kumtambulisha mtu. Nasra ni rafiki yangu tangu tukisomea ualimu. Tulilala chumba kimoja, tukaazimana mitandio na viatu, na baba yangu alipofariki ni yeye aliyekuja kukaa na mama. Sasa ni mhadhiri. Mimi nafundisha Kiingereza sekondari moja huko Kawempe, na jioni mbili kwa wiki nina darasa la watu wazima katika ukumbi mdogo karibu na nyumbani. Darasa hilo ndilo lililotupa utafiti. Mimi nilizungumza na wanawake, kwa sababu Kiswahili ndicho tulichokikuta nyumbani kwetu tangu enzi za babu, na Nasra alijua namna ya kuandika mambo hayo wasomi wakayakubali. Wiki hizi za mwisho tulikuwa tukipunguza ikisiri, ule muhtasari wa mwanzo, tukipanga marejeleo jinsi jarida linavyotaka, tukibishana juu ya koma na kucheka.

Mama Neema ni mmoja wa wanafunzi wangu. Ana biashara yake ndogo, na kanisani kwao wanamheshimu sana. Siku moja mahojiano yalipokwisha aliniomba nizime simu niliyokuwa nikirekodia. Nikaizima. Kisha akaniambia jambo linalohusu yeye na kusoma, jambo alilowaficha hata watoto wake.

Sitaliandika hapa pia. Halimdhuru mtu yeyote. Ila likijulikana, ataona haya kusimama mbele ya watu anaosimama mbele yao kila Jumapili.

"Hii usiandike, mwalimu," alisema. Nikamwahidi.

Nilimwambia mtu mmoja tu. Nilikuwa kwa Nasra tukinywa chai, na jambo lile lilikuwa limenilemea. Nilimwambia kama rafiki. Hata machozi yalinitoka, na yeye akanishika mkono.

Juzi tulikaa tusome rasimu ya mwisho. Nikalikuta lile jambo katikati ya matokeo. Lote. "Mshiriki mmoja," aliandika, kisha akataja biashara yake, mtaa wake, na anachokifanya kanisani. Mkongo yeyote wa mtaa ule angemjua kabla ya kumaliza aya.

Nilimwuliza Nasra amelitoa wapi, ingawa nilijua. Akaniambia makala yetu ilikuwa kavu, na kwamba aya ile ndiyo itakayowafanya wahakiki wa jarida waikumbuke. Akasema watu wa sokoni hawasomi majarida. Nilimjibu kwamba watoto wao watayasoma, maana ndiyo sababu tunawafundisha. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwishoni akasema sawa, ataiondoa, na mimi nikaondoka nikimwamini.

Leo asubuhi alipiga simu akiwa na furaha tele. Amekwisha kuituma. Nikamwuliza kama ile aya ameitoa.

"Nimeondoa jina la mtaa," akasema. "Sauda, elewa. Bila ile aya hawatatukubali, na wewe ndiye unayeihitaji makala hii kuliko mimi."

Hapo alinichoma, kwa sababu ni kweli. Nafasi ya shahada ya uzamivu niliyoomba inataka makala iliyokubaliwa. Alijua kwamba nina njaa, akaitumia njaa yangu kunifunga mdomo.

Nikamwambia aiondoe makala yote leo, la sivyo nitamwandikia mhariri mwenyewe na kueleza kwamba mshiriki alikataa. Akasema nitamharibia jina. Akauliza kama niko tayari kufanya hivyo kwa ajili ya mwanafunzi wa jioni. Nikasema niko tayari. Akakata.

Nikachukua mwavuli nikaenda kwa Mama Neema. Ningeweza kukaa kimya, huenda asingejua kamwe. Lakini ningemfundishaje tena?

Nilimkuta anachambua maharage mlangoni. Nilimweleza yote bila kujipamba: nani ameandika, ameandika nini, imekwenda wapi, na kwamba nafanya bidii irudishwe. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya ungo. Nilingoja amkasirikie Nasra, labda tumkasirikie pamoja.

"Huyu Nasra mimi simujue," alisema. "Niliambiaka weye."

Nilimwomba radhi. Alisema amesikia, akarudi kwenye maharage yake, na hakunikaribisha ndani ingawa mvua ilikuwa inanipiga mgongoni.

Nimetembea mpaka nyumbani nikijaribu kumchukia Nasra, na kila nilipokaribia kufaulu niliyasikia maneno yale. Nasra amenisaliti. Hilo silipunguzi wala silisamehe leo. Lakini Mama Neema hakumpa Nasra siri yake. Alinipa mimi.

Kabla ya magharibi ujumbe wa Nasra uliingia. "Nimeiondoa. Usinitafute tena." Nimeusoma nikiwa nimesimama jikoni, na kitu cha kwanza nilichotaka kufanya ni kumpigia Nasra nimwambie yaliyonipata.

Basi hakuna makala. Nafasi ya uzamivu itampata mwingine mwaka huu. Mazungumzo mengine bado ninayo, ya wanawake waliokubali yaandikwe, na nitajifunza kuyaandika mwenyewe, hata yakitoka makavu.

Nitamwuliza kila mmoja tena kwanza, ana kwa ana.

Jumanne nina darasa. Kiti cha Mama Neema ni kile cha mstari wa mbele, karibu na dirisha. Je, akija, nitamtazama machoni? Na asipokuja, nitawaambia nini wenzake watakapouliza?