Kwa Yaya, Aliyenipaka Violeti Mdomoni

Yaya, kaka niliyeachiwa na mama,

Umetuma mutu kutoka Mahagi aje kuniuliza kama unaweza kurudi nyumbani Bunia. Nilishindwa kumjibu kwa kinywa, maana vidonda vimerudi, kwenye ulimi na ndani ya midomo. Dukani pa dawa wamenipa krimu ya kupaka. Najipaka mwenyewe mbele ya kioo, na kila mara nakukumbuka weye, na nakasirika.

Maana nilikupenda, Yaya. Mama alipokufa, weye ndiye ulikuwa unanipaka. Vidonda vikianza, nikishindwa hata kumeza bugali na majani ya sombe, ulikimbia kwa Papa Muganga, kwenye kituo cha afya cha mtaa wetu, ukarudi na kichupa cha violeti, ile dawa ya zambarau. Ulizungusha pamba kwenye kijiti. "Fungua kinywa, mudogo. Usilie, itauma kidogo tu." Ikiuma, ulipuliza. Halafu ulinicheka: "Tazama, umekula wino!"

Papa Muganga hakutudai kitu. Alisema yatima hawalipi. Vita ilipoanza, alificha dawa zilizobaki kwenye kabati nyuma ya mikeka, katika chumba cha kuzalishia. Weye alikuambia uingie tu uchukue, kama mutoto wake.

Kisha ukaenda na wale wenye bunduki. Asubuhi moja ukaingia na katoni begani, unacheka. "Hautakosa violeti tena, mudogo wangu. Mpaka uzeeke!" Eh, Yaya! Nilifurahi. Nilikukumbatia, sikuuliza imetoka wapi.

Mchana nikasikia kituo kimeporwa. Nilienda mbio. Papa Muganga alikuwa ameketi chini, mkono umevunjwa kwa kitako cha bunduki. "Mwenye alionyesha kabati alijifunika uso," akaniambia. "Lakini sauti yake naijua." Akanitazama.

Njia ya lile kabati uliijua kwa sababu ya mdomo wangu! Shukrani ya punda ni mateke, wanasema, lakini hata punda haendi kuita punda wengine. Dawa za malaria mliziuza sokoni Ariwara. Mutoto wa jirani, yule uliyekuwa unambeba mgongoni, alikufa kwa homa wiki ileile. Katoni niliirudisha yote, nikabaki na vidonda vyangu, nakunywa uji uliopoa na machozi.

Sasa unataka kitanda chako. Aka! Nimechoka kukuchukia, na nimechoka kukupenda pia. Papa Muganga bado anawapaka watoto violeti, kwa mkono wa kushoto, maana wa kuume haunyooki tena. Anza kwake. Nenda mchana, uso wazi, useme kwa sauti ile anayoijua. Akikufungulia mlango, na mimi nitakufungulia. Akikukatalia, usipige hodi kwangu.

Mimi mudogo wako, niliyekuwa nafungua kinywa kila uliponiambia.